Majirani wa Pumwani

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa na mwalimu mstaafu mmoja mbele ya wenye nyumba, wapangaji na vijana wa mtaa wa Pumwani, Nairobi. Tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niwaeleze habari za watu wa mtaa wetu na tabia ya ujirani wao. Nilipopata ombi hilo nilitaka kukataa, maana ni nani katika ninyi asiyewajua majirani zake? Lakini juma lile lile alinijia kijana mmoja, mjukuu wa rafiki yangu, akitaka nimtilie sahihi barua ya kuombea kazi. Alikuwa amevaa vizuri, na vyeti vyake vilikuwa vyema. Nikaisoma barua, nikaona mahali pa anwani ameandika jina la mtaa mwingine ulio mbali na hapa. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, umehama lini?" Akacheka kwa haya, akasema, "Babu, sijahama. Lakini wakiona Majengo hawataendelea kusoma." Nikamwambia aniachie barua hiyo mpaka Jumatatu. Basi ninayosema leo nayasema nikiwa nayo mfukoni.

Tuanze na jina. Wazee waliotutangulia walisema Pumwani ni mahali pa kupumulia, pahali ambapo mtu aliyechoka hutua mzigo wake. Majengo ni ile sehemu yenye nyumba za zamani, na wengi hutaja jina moja wakikusudia la pili. Nami nitafanya vivyo hivyo.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na watu wakaifuata. Walikuwako wapagazi, askari, maboi, wapishi, mafundi, wachuuzi, na wanawake waliotoka vijijini kwa sababu zao wenyewe. Wakajijengea vijiji pembezoni mwa mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na vinginevyo, mbali na Wanubi waliokuwa na makao yao Kibera. Serikali ya Waingereza haikuvipenda vijiji hivyo. Ilitaka Waafrika wakae pamoja, mahali wanapoweza kuhesabiwa na kuangaliwa. Tena iliwaona kuwa wapitaji tu katika mji, watu waliokuja kufanya kazi na ambao watarudi makwao kazi ikiisha. Ndipo katika miaka ya 1921 na 1922 kiwanja hiki kikapimwa, kikawa mtaa wa kwanza wa Nairobi uliotengwa rasmi kwa Waafrika. Vijiji vikabomolewa kimoja baada ya kimoja. Pangani ilidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, hata nayo ikavunjwa, na watu wake wakajengewa nyumba hapo jirani na sisi. Wenye nyumba wa Pangani, waliozoea kuitwa wenyewe, wakajikuta katika nyumba zisizo mali yao. Mahali pale watu walipaita Shauri Moyo, na mzee mmoja aliniambia kwamba maana yake ni hii: kwenda au kutokwenda, ulize moyo wako, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuulizwa.

Hapa Pumwani mambo yalikuwa mengine kidogo, na ningependa mlishike neno hili kwa sababu tabia yote ya mtaa inatoka hapo. Munisipaa ilitoa viwanja, lakini mtu alijenga mwenyewe kwa fedha yake. Ardhi ilibaki ya Munisipaa, na mwenye nyumba akailipia ada. Kuta ndizo zilizokuwa zake. Kuta zenyewe zilikuwa za fito na udongo, na paa lilikuwa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kwa kuwa mabati yalikuwa ghali. Mvua ikinyesha juu ya madebe yale, mwalimu hawezi kufundisha wala mke hawezi kugombana na mumewe.

Nyumba ilijengwa kwa mtindo wa pwani. Mbele palikuwa na baraza. Ukiingia mlango mkubwa unakutana na ukumbi mrefu, na vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule. Mwisho wa ukumbi ni mlango wa uani, na uani ndiko kwenye majiko na nguo zilizoanikwa. Maji yalichukuliwa mferejini kwa debe, na vyoo vilikuwa vya umma, vya Munisipaa. Habari ya vyoo hivyo nitaiacha. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, mara nyingi kile cha mbele, na vyumba vingine akavipangisha. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi na kitabu cha risiti. Alilala chini ya paa lile lile, akamsikia mtoto wa mpangaji akikohoa usiku, na asubuhi akauliza amepewa dawa gani.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo, nyumba ya nyanya yangu. Sheria zake zilikuwa chache. Jiko la makaa halikuwashwa ukumbini. Aliyekosa kodi aseme kabla mwezi haujaisha, asingoje kuulizwa. Ugomvi wa mtu na mkewe ukipita saa nne ya usiku, unakuwa wa nyumba nzima na utasikilizwa ukumbini. Na mpangaji aliyefiwa hakudaiwa kodi ya mwezi ule. Hakuna sheria hata moja iliyoandikwa, lakini sikumbuki mpangaji aliyesema hakuzijua.

Mnaweza kulinganisha na mitaa mingine. Kariokor ya zamani ilikuwa mabweni ya wanaume, kitanda kwa kitanda, kana kwamba mfanyakazi hakuzaliwa na mama wala hataki mke. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa nzuri sana, ina miti na viwanja vya nyasi na jumba lake la mikutano; ndimo tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh aliposimama na kudai uhuru wa Afrika ya Mashariki, na mwezi uliofuata akakamatwa. Mimi sibishani na mtu wa Kaloleni juu ya uzuri. Lakini kule mwenye nyumba alikuwa Munisipaa. Huku alikuwa Bibi Fulani, na mlango wake ulikuwa wazi.

Sasa nafika mahali ambapo watu wengi wanaozungumza habari za Majengo hushusha sauti. Nitasema kwa heshima, lakini nitasema.

Katika Pangani ya zamani na katika Pumwani ya mwanzo, wenye nyumba wapata wawili katika kila watano walikuwa wanawake. Walizipataje fedha za kujenga? Wengine walipika na kuuza chakula. Wengine walipika pombe. Na wengi, tusijidanganye, walipata fedha ya kwanza kwa wanaume waliofika mji huu bila wake zao, katika mji ambao sheria na ujira havikumruhusu mtu wa kazi kukaa na familia. Wanaume hao walitaka kitanda, lakini walitaka pia chai, maji ya kuoga, nguo iliyofuliwa na mtu wa kuwauliza habari za kwao. Wanawake wale waliviuza vyote hivyo, wakaweka senti juu ya senti. Waliokuja wa kwanza walitoka katika nyumba zilizopigwa na sotoka na njaa ya miaka ya 1890, ng'ombe wamekufa. Na wako waliopeleka fedha yao kwa baba zao ili boma lijae tena. Waliokuja baadaye wengi walikuwa wamekimbia ndoa, au hawakuzaa, au wamefiwa na waume wakataka kurithiwa kama mbuzi. Mwanamke kama huyo hakuwa na shamba la baba wala la mume. Mahali ambapo angeweza kumiliki kuta nne kwa jina lake mwenyewe palikuwa hapa.

Mtu akisema, "Majengo ni mtaa wa wanawake wa namna fulani," mimi humjibu kwamba amesema kweli lakini ameikata katikati. Wanawake wale walijenga mji. Waliwasomesha watoto, wao na wa ndugu zao. Waliokosa mtoto wa kuzaa walichukua wa kulea. Wengi walisilimu, wakapata dini, jina jipya, na jamaa mpya wa kuwaosha na kuwazika siku ya mwisho. Nyanya yangu mwenyewe alizaliwa Mkikuyu, akafa Mswahili, na katika maisha yake yote sikupata kumsikia akieleza kwamba hayo ni mambo mawili. Alipataje fedha ya kuezeka? Sikumwuliza. Nilipokuwa kijana nilidhani kutokuuliza ni heshima. Sasa nazeeka, nafikiri kwamba ilikuwa haya yangu, na kwa haya hiyo nilimnyima nafasi ya kusema lililo lake.

Habari ya kabila huwashangaza wageni. Nyumba moja yaweza kuwa na Mkamba, Mluo, Mmanyema, Mnubi, Mhaya wa Bukoba na Mdigo, wote wakitumia uani mmoja. Lugha yao ni Kiswahili, nacho si Kiswahili cha Mvita wala cha vitabu. Kina ukali wake. Watoto wao, pamoja na watoto wa mitaa yote ya Eastlands, wamekikuza Sheng, ambayo mimi kama mwalimu niliipiga vita miaka mingi, nikashindwa. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari hupita kutoka mlango hata mlango, wala hazichagui mlango wa Mwislamu. Na sahani hairudi tupu, hata kama ni ndizi moja tu iliyowekwa juu yake. Krismasi sahani hugeuza njia. Akifa mtu, wa msikitini au wa kanisani, wanawake huingia uani bila kuitwa, na wanaume hukaa barazani. Hapo mtaa huu hauna mfano wake, na wale waliohamia mitaa yenye malango na walinzi wameniambia wao wenyewe kwamba jambo wanalolikosa ni hilo.

Lakini ujirani hupimwa siku ya taabu iliyo kubwa kuliko msiba wa mtu mmoja, nami nitawapa kisa kimoja. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wengine wakatiwa kambini na wengine wakarudishwa bara. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane. Katika nyumba yetu alikuwamo fundi wa nguo, Mkikuyu, mwenye cherehani ya miguu. Alichukuliwa asubuhi, bila kuaga. Chumba chake kikakaa kimefungwa miezi miwili, kisha nyanya akakipangisha, kwa kuwa ada ya kiwanja haikungoja mtu. Cherehani akaitia chumbani mwake, kando ya kitanda. Baadaye kidogo akamkodisha fundi mwingine kwa mwezi, na kila mwezi fedha ile akaitia katika kopo la majani ya chai.

Yule fundi alirudi mwaka wa 1958. Amekonda, na mkono mmoja hautulii. Nyanya alimpa uji kwanza. Kisha akalileta lile kopo, akamwaga fedha juu ya mkeka, akahesabu mbele ya wapangaji wote. Akatoa kodi ya ile miezi miwili ambayo chumba kilikaa kimefungwa, akaiweka upande. Iliyobaki akamsukumia. Sisi watoto tuliona kwamba nyanya ni mchoyo: mtu ametoka kambini, naye anamkata kodi! Lakini fundi alicheka, nadhani ni mara ya kwanza kucheka siku ile, akasema, "Mama, kama usingelikata, ningelijua kwamba unanihurumia." Akachukua cherehani yake, akakaa nasi miaka kumi na mmoja tena.

Nimesema mazuri, na sasa nisiwapake mafuta. Mtaa huu umejaa mno. Maji machafu hupita mbele ya milango. Pombe haramu imewaua watu ninaowajua kwa majina. Nyumba zinagombaniwa na wajukuu mpaka kuta zinaanguka kesi ikiwa bado inasikilizwa. Katika miaka ya 2010 vijana kadhaa wa hapa walivutwa kwenda kupigana Somalia, na baadhi yao hawakurudi; mama zao mnawajua, wamo humu ndani. Baada ya hapo kila kijana mwenye kanzu alitazamwa kwa jicho la polisi, hata aliyekwenda kununua mkate. Haya mawili yalitutia aibu kwa njia mbili mbalimbali, na sisi wazee tulinyamaza kwa yote mawili. Sijisamehe katika hilo.

Tena kuna jambo ambalo ulimwengu unalijua kuliko tunavyolijua sisi. Katikati ya miaka ya 1980, ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa ungali mpya, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walianza kuwatibu na kuwachunguza wanawake wa Majengo waliofanya biashara ile niliyoitaja. Wengi sana kati yao walikuwa wamekwisha ambukizwa. Lakini madaktari wakaona kwamba wachache, ingawa walikutana na hatari ile ile mwaka baada ya mwaka, hawakupata virusi. Damu yao ikachunguzwa, na mambo yaliyogunduliwa yakaandikwa katika majarida makubwa ya utabibu. Chanjo moja ilitengenezwa kwa kufuata mafunzo hayo, ikajaribiwa Oxford na hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini haikufaulu. Hata hivyo maarifa yalibaki, na wataalamu wa nchi nyingi huitaja Majengo kwa heshima. Walitoa damu yao mara nyingi, miaka na miaka, na wengi wao waliendelea kukaa katika chumba kile kile. Sijui mtaa mwingine wa Nairobi ambao wakazi wake wameufaa utabibu wa dunia namna hiyo, nao ndio mtaa ambao kijana wetu anaona haya kuuandika.

Neno la mwisho ni la nyumba. Ghorofa zinapanda pande zote, na kuta za udongo zinapungua kila mwaka. Mimi si adui wa ghorofa. Aliyepata kulala chini ya paa linalovuja hawezi kuwa adui wa zege. Lakini nimeingia katika baadhi ya majengo hayo mapya, nikapanda ngazi nyembamba zenye giza, nikaona milango ya chuma imefungwa huku na huku, na hakuna pahali pa watu wawili kusimama wakaulizana hali. Maiti ikishushwa, hupinduliwa wima kwenye kona ya ngazi. Mwenye jengo hajulikani. Huja wakala wake. Basi ninyi wenye viwanja mnaofikiri kujenga, nawaombeni mambo mawili. Wekeni baraza chini, pana, yenye kivuli, hata kama mtapoteza duka moja. Na ngazi ziwe pana kiasi cha kupitisha jeneza. Na kabla hamjabomoa, waiteni wapangaji wenu wa zamani, mkae nao, muwaambie ni lini, na ni nani atakayepata chumba katika nyumba mpya na kwa kodi gani. Wako watu humu ambao wamelipa kodi katika chumba kimoja kwa miaka arobaini. Hawana karatasi ya kuwaombea. Wana ninyi tu.

Kwenu wapangaji nasema hivi: mwenye nyumba naye ana madeni, tena ana ndugu wenye tamaa. Yule anayewaita kikaoni msimwendee na mawe.

Nimeleta daftari, liko mezani karibu na mlango. Nataka tuandike majina ya wale waliojenga kwanza, kiwanja kwa kiwanja, pamoja na kabila walilozaliwa nalo, kazi waliyofanya na watu waliowalea. Kurasa za mwanzo nimemwandika nyanya yangu, na mahali pa kazi nimeandika yale ninayoyajua, na nafasi nimeiacha wazi. Mwenye shangazi au nyanya angali hai, amwulize usiku huu huu, tena aulize kwa adabu, na akubali jibu atakalopewa. Waliokufa bila mtoto tutawaandika sisi majirani.

Ile barua nimeitia sahihi. Nimeandika chini ya jina langu anwani yangu mimi, Majengo, Pumwani, kwa kalamu ya wino. Ya kwake sikuigusa. Yuko pale nyuma, amevaa shati jeupe, naye atakuja kuichukua watu wakipungua. Sasa mama wa chai wako tayari, na wenye watoto wadogo watangulie.